Msimu wa Viwavi Getini

Jumapili, 6 Julai

Mdogo wangu amepiga simu asubuhi. Anataka niwe naandika kila baba anaposahau kitu, ili siku ya kumpeleka kwa daktari tusianze kukuna vichwa. Yeye anaishi mbali, kwa hiyo kazi yake ni kutoa mawazo na yangu ni kuyabeba. Haya, naanza. Leo baba amevaa sweta juu ya koti. Ameniuliza tena na tena haya mapazia ninayoshona ni ya nani. Ni ya nyumba ya wageni ya kule barabara kuu, baba, na mwenyewe anapiga simu kila saa utadhani anataka kuyalalia usiku huu.

Kumlisha Bwana Afya hakusahau. Hilo hasahau kamwe.

Bwana Afya ni mbwa wetu. Jina alipewa na mama, kwa sababu tangu akiwa mdogo hapiti jikoni bila kukagua ndoo ya taka na kufunua sufuria kwa pua. Mama alipofariki mwaka jana baba alipoteza hamu ya kuongea na watu, akawa anaongea na mbwa. Sisi watoto tunapata makombo.

Jumatano, 9 Julai

Baridi imekaza. Nimefagia uwanja nikiwa nimejifunga kanga mbili. Sheria ya mama bado inatawala nyumba hii: hakuna chai kabla uwanja haujafagiliwa. Na kila nikifagia, Bwana Afya anadaka ncha ya ufagio kwa meno, tunavutana, ananguruma kama anadai haki yake. Baba hukaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni akiwa refa. "Mwachie, mwachie, kashinda huyo!" Ndio wakati pekee wa siku anapocheka, kwa hiyo huwa namwachia.

Jumapili, 13 Julai

Jirani yetu, Mama Pacha, ameingia bila hodi kama kawaida yake. Pacha wenyewe wameshaoa na kuhama lakini jina limemganda. Amenivuta hadi getini, akanionyesha ile misonobari ya ng'ambo ya njia, kwenye kiwanja cha serikali.

"Unaona zile pamba kule juu?"

Nikaona. Kwenye ncha za matawi kulikuwa na mafundo meupe, kama mtu kapanda kutundika soksi.

"Hizo ni nyumba za viwavi. Baridi ikianza kulegea wanashuka, wanaandamana mmoja nyuma ya mwenzake kama watoto wa chekechea. Mbwa wa dada yangu alimlamba mmoja tu. Ulimi ukaoza, shoga yangu. Ukaoza, hivihivi unaona."

Nilicheka, kisha nikaona hacheki. Tukarudi ndani, mimi nikakaa kwenye cherehani, yeye akaendelea. Alieleza mengi kuhusu manyoya yao na nini cha kufanya na nini cha kuacha. Mimi nilikuwa kwenye pindo refu la pazia la sebuleni, na pindo refu ukilikatiza linapinda. Nilisema ndiyo, ndiyo. Nilichokipata ni kimoja: mbwa asitoke nje.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeweka sheria. Nimepigilia ubao chini ya geti ili Bwana Afya asichomoze hata pua. Komeo lifungwe saa zote. Matembezi ya jioni ya baba na mbwa wake, hadi kule kwenye reli na kurudi, yamesimamishwa.

Nilimweleza baba polepole, kidole juu, kama naongea na mtoto.

Niandike hapa kwamba maisha yake yote baba alifanya kazi ya kulinda geti la reli, pale barabara inapokatiza njia ya treni. Kengele ikilia anafunga, treni ikipita anafungua. Zamu zake zote, mvua na jua, hakugongwa hata mbuzi. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na akasema katika hotuba kwamba hajui kingine ila kufunga na kufungua. Watu walicheka wakidhani ni mzaha.

Ijumaa, 18 Julai

Baba kaacha birika jikoni mpaka likakauka na kuungua. Nimeandika.

Nimewapigia simu watu wa halmashauri kuhusu ile misonobari. Wamesema watakuja wakipata gari.

Jumamosi, 26 Julai

Wameshuka.

Nimetoka asubuhi na ufagio, nikaona kamba ya kahawia inapita chini ya geti, kwenye upenyo ambao ubao wangu haukuziba. Nikainama. Haikuwa kamba. Ni viwavi, kila mmoja kichwa kimegusa mkia wa mwenzake, wanatambaa kwa adabu kuelekea kwenye bustani ya mama. Nikamfungia Bwana Afya ndani, nikawafagia wote, nikawasukuma hadi nje na kuwatupa mtaroni. Nikafagia tena pale walipopita mpaka udongo ukang'aa.

Baba alisimama dirishani akimshika mbwa kola. "Vizuri," alisema. Nilijisikia kama jemadari.

Jumapili, 27 Julai

Wamekuja tena. Nimefagia.

Jumatatu, 28 Julai

Nimefagia.

Jumatano, 30 Julai

Nimefagia. Viganja vinaniwasha. Ile sabuni mpya ya unga si ya kurudia kununua.

Jumapili, 3 Agosti

Tumegombana na baba. Alitaka kumpeleka Bwana Afya matembezi, akawa ameshamfunga kamba. Nikampokonya ile kamba.

"Baba, tulikubaliana."

"Nitapita upande ule mwingine, hakuna miti."

"Utasahau ulikubali kupita wapi."

Nilivyolisema tu nikaona limemwingia. Akakaa kwenye ngazi. Akasema, "Mimi nimefunga geti kabla wewe hujazaliwa. Leo unanifundisha geti?"

"Sikufundishi. Nakukumbusha."

"Haya, nikumbushe," akasema, akamfungua mbwa kamba.

Alhamisi, 7 Agosti

Nianze mwanzo nisije nikavuruga.

Asubuhi viwavi walikuwa wengi kuliko siku zote. Niliwafagia Bwana Afya akiwa ndani, nikawatupa, nikamaliza uwanja, nikamfungulia. Tukavutana kidogo kama kawaida, baba akacheka, nikaingia kwenye mapazia kwa sababu mwenye nyumba ya wageni alishatishia kutafuta fundi mwingine. Chai nilinywea cherehani.

Nikasikia baba ananiita. Hakuniita kwa jina la utoto kama anavyofanya. Aliniita jina langu kamili. Nikatoka. Bwana Afya alikuwa anajikuna mdomo kwa miguu yote miwili ya mbele, mate yanamtoka kama povu la sabuni, anatapika, anakimbia huku na huku kama mtu anayejaribu kukikimbia kichwa chake mwenyewe. Nilimfungua mdomo. Ulimi ulikuwa umevimba na ncha imeanza kuwa ya zambarau.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Mama Pacha akawa ameshafika, sikumwona akiingia, akanisukuma pembeni. "Maji ya vuguvugu! Mengi! Mwagia, usisugue, unasikia? Usisugue!" Tukamwagia maji, baba amemshika kichwa, anamwambia, "Tulia Bwana Afya, tulia mkaguzi wangu, ni maji tu." Mbwa alitulia kwa sauti ile. Kwa mtu mwingine asingetulia.

Hapo ndipo nilipoinua macho nikaona geti. Liko wazi kabisa, linayumba.

Na hapa nitaandika nilichosema, neno kwa neno, kwa sababu nimekuwa nikilisikia siku nzima.

"Baba, ulifungua geti?"

"Sikufungua."

"Liko wazi."

"Nilitoka kuchukua maziwa asubuhi. Nikafunga."

"Unakumbuka ulifunga?"

Aligeuka akalitazama geti.

"Sikuulizi kama huwa unafunga. Nakuuliza leo. Unakumbuka mkono wako kwenye komeo?"

Alitazama mkono wake. Aliutazama kweli, akaugeuza, kama utamjibu. Kisha akasema, "Sikumbuki."

"Basi ndio hivyo," nikasema. "Ndio hivyo, baba. Umemuua."

Mama Pacha alikuwa ameenda kuwasha gari, hakusikia. Tulimpeleka kwa daktari wa mifugo, mimi nyuma na mbwa mapajani. Baba hakupanda. Nilipogeuka alikuwa amesimama palepale uwanjani, maji yamemlowesha suruali.

Daktari amemchoma sindano mbili na kumbakiza huko. Amesema tusubiri, hakuahidi kitu. Mapazia nimeyaacha yamelala sakafuni.

Ijumaa, 8 Agosti

Yu hai. Hali chakula.

Mdogo wangu kwenye simu: "Si nilikwambia baba hawezi kuachiwa peke yake?" Nikamwambia kweli ulisema. Tulielewana vizuri sana, mimi na yeye, jambo ambalo ni nadra. Baba alikuwa chumba cha pili na mlango ulikuwa wazi.

Jumanne, 12 Agosti

Bwana Afya amerudi nyumbani. Ncha ya ulimi imekatika, kipande cha ukubwa wa jani la mchai. Maji anayanywa kwa kuzamisha pua nzima kwenye bakuli, nusu yanamwagika, na chakula lazima kiwe laini na apewe kwa mkono.

Aliposhuka garini alikwenda moja kwa moja kwa baba. Baba akainua miguu, akaisogeza pembeni.

"Mlishe wewe," akaniambia. "Mimi siaminiki."

Alisema bila hasira yoyote. Afadhali angenifokea.

Alhamisi, 14 Agosti

Baba haendi tena dukani kuchukua maziwa. Anasema geti limemshinda. Mbwa analala mlangoni kwake, na baba anamruka akipita.

Sijafagia tangu siku ile. Hakuna aliyeuliza chai.

Jumatatu, 18 Agosti

Leo nimejua.

Nilimrudisha Bwana Afya kwa daktari kuangaliwa kidonda. Mama Pacha alituendesha. Daktari ni kijana mpole, anaongea huku anafanya kazi. Aliangalia mdomo, akasema unapona, kisha akanishika kiganja akakigeuza juu.

"Na hii mikono imefanya nini?"

"Sabuni," nikasema. "Nimeshaiacha."

"Sabuni haiwezi kuchagua sehemu za kushikia tu. Uliwagusa wale viwavi?"

"Sikuwagusa hata mmoja. Nilikuwa nawafagia."

Akaacha alichokuwa anafanya. "Ukiwafagia unawavunja, na manyoya yao ndiyo sumu yenyewe. Yanabaki kwenye ufagio hata wao wakishatupwa. Huo ufagio, mbwa anaufikia?"

Mama Pacha akadakia, "Si ndiyo nilikwambia siku ile? Usifagie, nilisema. Nilisema umwagie maji uwazoe na koleo, na ufunike uso."

Akilini nilimwona Bwana Afya na meno yake kwenye ncha ya ufagio, asubuhi baada ya asubuhi, na siku ile viwavi walipokuwa wengi kuliko zote. Nilimpa mimi. Nilicheza naye na nikamwachia ashinde.

Garini nikajikaza, nikasema bado kuna geti. Geti lilikuwa wazi, huenda alitoka pia.

"Geti gani?" Mama Pacha akasema. "Geti nililifungua mimi. Nilikusikia unalia, nikapitisha mkono juu nikavuta komeo. Lilikuwa limefungwa kabisa, hata vidole viliniuma. Kwani nani alisema lilikuwa wazi?"

Nimefika nyumbani, baba kakaa kwenye ngazi na mikono katikati ya magoti. Akauliza, "Kasemaje daktari?" Nikasema anaendelea vizuri. Nikaingia ndani. Ufagio nimeuchoma nyuma ya nyumba, na moshi wake nikaukimbia.

Jumanne, 19 Agosti

Sijamwambia.

Nilikuwa na nafasi asubuhi, mchana na jioni. Nilichojiambia ni hiki, na ni vibaya, lakini acha kikae hapa: baba anasahau kila kitu. Anasahau sweta, anasahau birika, leo kaniuliza tena mapazia ni ya nani. Na hili atalisahau. Kwa nini nilifukue? Siku chache tu litakuwa limefutika kichwani mwake, na mimi nitakuwa nimeokoka bila kujivua nguo mbele yake.

Jumatano, 20 Agosti

Sijamwambia. Nimemaliza mapazia na kuyapeleka. Mwenye nyumba ya wageni amesifu pindo kwamba limenyooka. Nilikaribia kulia mbele ya mteja.

Alhamisi, 21 Agosti

Sweta kasahau. Jina la Mama Pacha lilimpotea akamwita "yule wa gari." Nikiwa napika nilimsikia akimwambia Bwana Afya, kwa mbali, bila kumgusa, "Nisamehe, mkaguzi. Sikufunga."

Hajasahau. Kila kitu kinamtoka, hiki kimebaki.

Ijumaa, 22 Agosti

Mdogo wangu anakuja kesho. Si mimi niliyemwita. Baba ndiye aliyempigia, peke yake, namba kaitafuta mwenyewe, akamwambia: njoo umchukue mbwa kabla sijammaliza. Kule kuna uwanja mkubwa na hakuna misonobari. Mdogo wangu ananiambia kwa furaha kabisa, "Angalau baba amekubali hali yake."

Nimeishiwa na mahali pa kujificha. Kesho kabla gari halijafika namwambia.

Jumamosi, 23 Agosti

Nilimwambia mara tu alipoamka. Nilikaa chini ya miguu yake, kwenye ngazi, kama nilivyokuwa nakaa zamani nikiwa na jambo la kuomba.

"Baba, geti ulilifunga."

"Wapi."

"Ulilifunga. Mama Pacha ndiye aliyelifungua alipokuja kusaidia. Na mbwa hakutoka. Sumu ilikuwa kwenye ufagio wangu. Niliwafagia wale viwavi, halafu nikampa auchezee. Ni mimi, baba. Nimejua tangu Jumatatu na nikanyamaza. Nisamehe."

Alinisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza redio. Nilitegemea anikasirikie. Nilikuwa natamani anikasirikie, anifukuze hata. Alinyoosha mkono akanipapasa kichwani.

"Mama yako naye alikuwa hivihivi," akasema. "Nikivunja kitu, anasema kavunja yeye."

"Baba, sikubebei. Ni kweli."

"Najua, mwanangu. Asante."

Nikakimbia kumwita Mama Pacha. Alikuja na kanga begani, kitunguu mkononi, akaapa mbele yake. "Mzee, geti nilifungua mimi kwa mkono wangu huu. Lilikuwa limekaza komeo!" Baba akamtazama, akanitazama mimi, akatabasamu.

"Mmelipanga vizuri," akasema. "Lakini huyu aliniuliza siku ile ile, mambo yakiwa bado moto. Akaniuliza mkono wako uko wapi kwenye komeo, na mimi sikuuona. Mtu aliyefunga angeuona."

Nilimwonyesha viganja vyangu, vipele bado vipo. Akavishika, akauliza kama nimepaka mafuta.

Mdogo wangu alifika mchana. Nilimweleza kila kitu pale pale garini kabla hajazima injini. Alikuna shingo. "Dada, mimi nakuamini. Lakini baba anamwogopa yule mbwa. Hata kumgusa hamgusi. Hawa wawili unataka wakae vipi?" Niliomba wiki moja, baba akasema kutoka kwenye ngazi kwamba amekwisha kuamua, na asingependa tumfanye aamue tena, kwa sababu hajui kesho atakumbuka nini.

Bwana Afya hakutaka kupanda. Alikita miguu minne chini, akawa mzito kama gunia. Tulimsukuma mimi na mdogo wangu tukashindwa. Ikabidi baba ainuke. Ni mara ya kwanza kumgusa tangu siku ya maji. Alimshika kichwa kwa mikono miwili, akainama hadi sikioni, na mbwa akalegea akapanda.

"Nenda, mkaguzi," alimwambia. "Nenda kwa watu wanaojua kufunga."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake karibu kabisa, na nililisikia kila neno.